Trela dogo la kambi: usidanganywe na uzito wake likiwa tupu

Ndugu mlioko Marekani mnaotafuta trela dogo la kupigia kambi, muuzaji atawatajia uzito likiwa tupu. Msiishie hapo. Angalieni kibandiko cha ubavuni, mbele upande wa kushoto, palipoandikwa GVWR: huo ndio uzito wa juu kabisa likishapakiwa, na ndio wa kulinganisha na uwezo wa gari lako kuvuta. Tangi la maji la lita 80 likijaa ni kilo 80, bado mtungi wa gesi, betri na masufuria. Vizito vikae karibu na ekseli, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ilalie pale trela linapoungwa na gari. Ukirundika nyuma, litayumba vibaya sana kwenye mteremko.