Kumwandaa mteja aliyeumia ajalini: mwongozo kwa wakili anayeanza, kutoka Mwanza

Mwongozo huu ni wa wakili msomi ambaye ndiyo kwanza anashika majalada ya ajali, na wa wasaidizi wa kisheria wa kata, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufikiwa na majeruhi. Vifungu utavisoma mwenyewe. Mimi nazungumzia upande wa mteja: mtu aliyegongwa Mkuyuni akivuka kwenda sokoni, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu Buzuruga, mama muuza dagaa wa mwaloni wa Kirumba aliyekuwa ndani ya haisi iliyopinduka njia ya Magu. Kesi za watu hawa hazianguki kwa kukosa sheria. Zinaanguka kwa sababu mwenye kesi amefika mbele ya hakimu mikono mitupu, na maelezo yake hayana kichwa wala miguu.

Hatua ya 1: Msikilize kwanza, fomu baadaye

Kama bado amelazwa, iwe Bugando au Sekou Toure, nenda wewe. Lakini nenda kwa kuitwa na yeye au ndugu zake. Wakili anayezunguka wodini kutafuta majeruhi anavunja maadili ya kazi, na vishoka wa kufanya hivyo tayari wapo wa kutosha.

Mzee mpe shikamoo yake, kaa chini, mwache aongee mpaka amalize. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, usiyageuze kuwa lugha ya hati ya madai. Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma, tafuta mtu wa kutafsiri asiye na maslahi. Mtoto wake akitafsiri ataongeza chumvi bila hata kujua, na chumvi hiyo ndiyo itakayomrudi siku ya maswali ya dodoso, wakili wa upande wa pili atakapomhoji.

Swali la "wakili, tutapata milioni ngapi?" litakuja siku hiyohiyo. Usitaje namba. Mweleze kwamba kiasi kitatokana na vielelezo, kwamba kesi huahirishwa, na kwamba wadaiwa nao watakuwa na wakili wao. Makubaliano ya ada yaandikwe siku hiyo, kwa Kiswahili anachokielewa, abaki na nakala.

Hatua ya 2: Karatasi

Ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi anayopewa majeruhi. Wengi wanaijua kama karatasi ya kupatia matibabu tu, wakati ndiyo kumbukumbu ya kwanza rasmi ya jeraha. Isome. Mara nyingi inajazwa usiku wa ajali, inaandikwa "michubuko na maumivu ya kiuno", halafu siku ya tatu picha ya eksirei inaonyesha nyonga imevunjika. Hapo usiishie kwenye PF3: omba ripoti ya daktari aliyemtibu baadaye, ieleze jeraha lilionekana lini na linahusianaje na ajali.

Kutoka trafiki fuatilia ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na taarifa ya polisi kuhusu ajali yenyewe. Kama dereva ameshtakiwa, fuatilia kesi hiyo ya jinai hadi mwisho na upate nakala ya hukumu, kwa sababu dereva akitiwa hatiani, ubishi kuhusu uzembe unapungua sana kwenye madai yako. Bima ya gari ihakiki kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Stika ya kwenye kioo pekee isikuridhishe.

Halafu risiti. Mahakama zetu zina msimamo wa siku nyingi: hasara mahsusi, yaani dawa, nauli, vipimo na magongo, lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Maumivu na ulemavu ndivyo vinavyoachwa kwenye busara ya hakimu. Mpe mteja bahasha ya kaki na umwambie kila karatasi iingie humo, hata ya bajaji kama dereva amekubali kuandika. Risiti za mashine hufifia wino, kwa hiyo zipigwe picha siku hiyohiyo.

Angalia na majina. PF3 imeandikwa Ng'washi, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwashi, kadi ya hospitali ina jina la mume. Hati ya kiapo ya majina iandaliwe mapema.

Hatua ya 3: Saa inayokimbia

Madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Mteja anaona ni mingi, lakini matibabu yakishakula mwaka, mazungumzo na bima yakala mwingine, unajikuta unakimbizana na kalenda. Gari likiwa la serikali (angalia namba zinazoanza na ST au SM), kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na shauri lenyewe linakwenda Mahakama Kuu.

Aliyeumia akiwa kazini, kwa mfano kwenye kiwanda cha samaki, ana mlango mwingine wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko taarifa itolewe ndani ya miezi 12, na asikubali kuambiwa "subiri bosi arudi". Ikiwa mtu amefariki, ndugu waanze na usimamizi wa mirathi.

Hatua ya 4: Daftari la kila siku

Mnunulie daftari la shule, la kurasa chache. Kila jioni aandike, au mwanawe amwandikie kwa maneno yake: leo nimeshindwa nini, nani amenisaidia, nimelala saa ngapi. Neno "naumia" halimsaidii hakimu. "Leo nimeshindwa kuchuchumaa chooni, binti yangu amenishika" linamsaidia. Hofu nayo iandikwe. Wapo wasioweza tena kupanda daladala, wapo wanaoshtuka usiku wakisikia honi. Hao wapelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili hospitalini, kwanza kwa ajili yao wenyewe, kisha kwa ajili ya jalada.

Utakutana na mteja aliyeondoka hospitali akaenda kwa mtaalamu wa kienyeji wa kuunga mifupa. Usimgombeze na usimfundishe kuficha. Wakili wa upande wa pili ataliona pengo hilo kwenye tarehe za kliniki na atadai ulemavu umetokana na uzembe wake mwenyewe. Mteja aseme ukweli: hela ya hospitali iliisha, akaenda kwa mzee fulani, akarudi hospitali tarehe fulani. Hakimu anayeishi huku anaelewa.

Na simu. Mwambie asiweke picha za harusini kwenye status akiwa amesimama bila gongo, hata kama alisimama dakika moja tu kwa ajili ya picha. Kama ameshaweka, asifute kimyakimya. Akwambie wewe kwanza.

Hatua ya 5: Kipato kisicho na hati ya mshahara

Hapa ndipo pesa nyingi za wateja wetu zinapopotelea. Mwalimu ana hati ya mshahara, kazi imeisha. Muuza dagaa je?

Kaa naye mpige hesabu pamoja, usikubali jumla ya kubuni. "Napata elfu hamsini kwa siku" itararuliwa kwa swali moja: kila siku? Mama wa mwaloni anajua kwamba siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa na wavuvi wengi hawaingii ziwani. Mwezi wake wa kazi si siku 30, na akilisema hilo mwenyewe kabla hajaulizwa, anaaminika katika mengine yote. Muulize ananunua ndoo kwa bei gani, anaanikia wapi, gunia analipeleka nani, ushuru kiasi gani, kinachobaki mkononi ni nini. Kisha tafuta karatasi za kuunga mkono: stakabadhi za ushuru, taarifa ya miamala ya simu ya miezi ya kabla ya ajali ikilinganishwa na ya baadaye, daftari la kikoba linaloonyesha alikuwa ananunua hisa kila wiki kisha akaacha ghafla. Daftari la kikoba ni kielelezo ninachokipenda kuliko vyote, maana limeandikwa na watu wengine, kabla ya kesi kuwepo.

Kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba, ondoa hesabu ya bosi, mafuta na oili, ndipo upate chake. Bosi huyo na mwenyekiti wa kijiwe ni mashahidi wazuri.

Hatua ya 6: Wakija "kumalizana"

Watakuja. Mwenye gari atakuja na wazee wawili, bahasha na karatasi iliyochapwa tayari, mara nyingi jioni, mgonjwa akiwa anadaiwa hospitali. Kupokea msaada wa matibabu si dhambi. Hatari ni mstari wa mwisho wa karatasi: "sina madai mengine yoyote." Mwagize mteja na familia nzima wasitie sahihi wala dole gumba kabla hujasoma. Pesa ikipokelewa, iandikwe ni ya matibabu, kiasi gani na tarehe gani.

Mapatano yenyewe siyapingi. Shauri likifunguliwa litapita kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na kesi nyingi zingefaa ziishie hapo. Mwandae mteja kwa siku hiyo pia: ajue kiwango cha chini atakachokubali, na ajue kuwa uamuzi ni wake, si wako wala wa kaka yake. Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima yana njia pia kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Hatua ya 7: Kizimba cha shahidi

Usimkaririshe. Shahidi aliyekariri anajulikana kwa sentensi ya pili. Unachofanya ni kumrudisha kwenye alichokiona, alichokisikia na alichokihisi, na kumtoa kwenye alichosimuliwa hospitalini.

Mahojiano ya mazoezi ofisini huwa hivi:

"Mama, gari lilikuwa na mwendo gani?"

"Mia na ishirini."

"Umejuaje?"

"Si walisema watu."

"Waliosema tuwaache. Wewe uliona nini?"

"Mimi nilisikia honi, nikageuka, nikaona taa. Kikapu changu walikiokota ng'ambo ya barabara, karibu na kibanda cha chipsi."

Umeona? Kikapu kilichorushwa ng'ambo kina nguvu kuliko ile mia na ishirini, na hakuna wakili wa kukipangua. Umbali autaje kwa vitu vilivyomo chumbani: kutoka hapa hadi mlangoni.

Kisha vaa joho la mpinzani umuulize mabaya yote. Ulivuka kwenye zebra? Helmeti ulivaa? Ulikuwa umekunywa? Kama hakuvaa helmeti aseme hakuvaa; mahakama inaweza kupunguza fidia kwa sehemu ya uzembe wake, lakini uongo ukibainika hupoteza yote. Mfundishe majibu matatu halali ambayo watu huyaonea aibu: sijui, sikumbuki, sijaelewa swali. Na akikasirishwa, amwangalie hakimu, ajibu taratibu, "Mheshimiwa."

Mpeleke mahakamani siku moja kabla ya zamu yake aone kizimba kilipo, na mlango wa choo kwa mtu wa magongo. Mashahidi wa Sengerema siku hizi wanapita Daraja la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko, ila wa Ukerewe bado wanategemea maji, kwa hiyo walale mjini. Nauli zao zipangwe mapema, asije akazilipa mteja kwa mkopo wa kausha damu.

Hatua ya 8: Baada ya hukumu

Hukumu si hela. Kampuni ya bima inapaswa iwe imejulishwa kwa maandishi tangu shauri linapofunguliwa, la sivyo itapata pa kujitetea isilipe. Mdaiwa asiyelipa anakwenda kwenye utekelezaji, na huko yupo dalali wa mahakama mwenye gharama zake. Haya mteja ayajue kabla, asidhani unamficha kitu.

Akaunti ya benki ifunguliwe mapema, kwa jina lake mwenyewe, si la mjomba wala la mtoto mkubwa, na jina hilo lilingane herufi kwa herufi na lililoko kwenye hukumu na NIDA. Malipo yakipitia akaunti ya wateja ya ofisi yako, mpe mchanganuo ulioandikwa: kilichoingia, ada, gharama, kilichobaki. Atie sahihi mbele ya mtu aliyemchagua yeye.