Mumbai hadi Delhi: kukadiria umbali na muda wa ndege kabla ya kulipia tiketi

Baadhi ya wanaotoka Kisumu kwenda kutibiwa Delhi hubadilishia ndege Mumbai. Tiketi haionyeshi kilomita, lakini kikokotoo cha simu kinatosha kuzipata.

Tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, si za katikati ya jiji. Uwanja wa Mumbai uko 19.09 Kaskazini, 72.87 Mashariki, wa Delhi 28.57 na 77.10. Latitudo zinatofautiana kwa 9.48, zidisha kwa 111 (kilomita za digrii moja) upate kilomita 1,052. Longitudo zinatofautiana kwa 4.23, ila hapa 111 pekee haitoshi, kwa sababu mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyoiacha ikweta. Chukua wastani wa latitudo mbili, 23.83, utafute kosini yake (kitufe cha cos): 0.915. Ukiona 0.26, kikokotoo kimewekwa kwa radiani. Kirudishe kwenye digrii. Sasa 4.23 × 111 × 0.915 ni 430.

Jumlisha mraba wa 1,052 na mraba wa 430, kisha tafuta kipeuo cha pili: kilomita 1,136 hivi. Barabara ni takriban 1,400. Ukiruka kosini hapa unakosea kilomita 16 tu, lakini Dubai hadi Guangzhou, miji iliyo karibu latitudo moja, utakosea kwa zaidi ya 500. Kwa safari ndefu kama hiyo tumia kikokotoo cha mtandaoni kinachofuata mviringo wa dunia.

Muda: gawanya kilomita kwa 800, makadirio ya kasi ya ndege kwa saa. Jibu ni saa 1.42, yaani dakika 85, wala si saa moja na dakika 42 (hapo ndipo wengi huteleza). Ongeza dakika 30 hadi 40 za kupaa, kushuka na kutembea uwanjani. Ratiba huandika saa mbili na dakika 10 au zaidi, maana viwanja vyote viwili vina msongamano. Kwa safari za mashariki na magharibi, upepo wa juu huvuma kuelekea mashariki, kwa hiyo kurudi kutoka Guangzhou huchukua muda mrefu kuliko kwenda.

Usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kuangalia tofauti ya majira ya nchi. India iko mbele ya Kenya kwa saa mbili na nusu. Tuseme ndege inaondoka Nairobi 17:00 na kufika Mumbai 01:15: tofauti ni 8:15, toa 2:30, muda wa safari ni 5:45. Hiyo 01:15 ni saa saba na robo usiku, na tarehe imeshabadilika. Miadi ya hospitali ihesabiwe kwa tarehe mpya.

Mumbai acha angalau saa tatu kati ya ndege mbili. Hapo ndipo unapogongewa pasipoti, unachukua mizigo, unapita forodha na kukaguliwa upya. Angalia pia ndege ya Delhi inaondokea jengo gani: Terminal 1 na Terminal 2 zimetengana kwa kilomita kadhaa za barabara, na mgonjwa wa kiti cha magurudumu aombewe msaada wakati wa kununua tiketi, si siku ya safari.