Unga wa makoro kwa udongo uliochoka wa Kabare na Walungu

Mkulima wa Goma akichimba shimo la muhogo anagonga makoro, yale mawe meusi ya volkano. Mkulima wa Walungu, huku Kivu Kusini, akichimba, jembe linazama kwenye udongo mwekundu bila shida, lakini majani ya maharagwe yake yanakuwa ya manjano. Huku Bukavu wengi tunamhurumia wa Goma. Mimi namhurumia wa Walungu.

Sehemu kubwa ya udongo mwekundu unaotuzunguka ilikuwa mawe ya volkano vilevile, ila ya zamani sana. Mvua imeuosha kwa mamilioni ya miaka. Kalsiamu, magnesiamu na potasiamu vimeshuka na maji. Chuma na alumini vimebaki, na chuma ndicho kinachotia ule wekundu. Udongo ukishakuwa mchachu hivyo, alumini inayeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na fosforasi kidogo iliyopo inashikwa isitoke. Ukiona kangaga zinajiotea shambani na mizizi ya maharagwe haina vinundu, fikiria uchachu kabla ya kulaumu mbegu.

Basi kusaga jiwe jipya na kulitia shambani ni kurudisha kile mvua ilichochukua. Makoro ya Nyiragongo, ile volkano ya Goma, yana kalsiamu na potasiamu nyingi, na bado hayajaoshwa. Chini ya mashine za kuvunjia mawe hubaki vumbi ambalo mjenzi hana haja nalo, na hilo ndilo tunalolitafuta. Kuna mawe meusi ya volkano yanayovunjwa hata karibu na Bukavu, kwa hiyo uliza kwanza hapa kabla ya kufikiria boti ya kutoka Goma.

Ulaini ndio kila kitu. Mara ya kwanza nilitia mchanga wa makoro, ule wa kuchanganyia simenti, kwenye matuta yangu ya mboga. Nilichovuna ni jembe butu. Punje kubwa inaweza kukaa miaka mingi bila kutoa kitu. Unga laini una sehemu nyingi za kuguswa na maji ya mvua na uchachu wa mizizi, na ndivyo unavyoyeyuka. Chekecha kwa chekecheo la unga wa muhogo (lisirudi tena jikoni!). Funga kitambaa puani, upe upepo mgongo, watoto wakae mbali: vumbi la mawe huharibu mapafu. Kisha lilowanishe kidogo kabla ya kumwaga.

Jiwe halina nitrojeni. Anayemwaga unga wa makoro peke yake kwenye udongo uliochoka atavuna kama mwaka jana, halafu atasema tumemdanganya. Mimi naupitisha kwanza kwenye samadi: nyunyiza kidogo chini ya ng'ombe au kwenye kibanda cha dende (simbilisi) kila unapobadilisha majani, au weka tabaka nyembamba kwenye lundo la mboji pamoja na majani ya tithonia, yale maua ya manjano ya kando ya barabara. Uchachu wa samadi inayooza huanza kulila jiwe kabla halijafika shambani.

Kwa kuanzia, chukua kilo 50 kwa ari moja, yaani uzito wa mfuko mmoja wa simenti kwa mita 10 kwa 10, pamoja na kilo 100 hadi 200 za samadi iliyooza. Changanya na udongo wa juu wiki chache kabla ya kupanda msimu wa Septemba. Kama shamba liko mlimani na halina mitaro yenye bingobingo (nyasi za tembo), chimba mitaro kwanza, la sivyo unga wako utaoshwa na mvua kama ile rutuba ya zamani.

Gawa ari hiyo mara mbili: nusu samadi tupu, nusu samadi na unga, mbegu ileile, siku ileile. Pima mavuno ya pande zote mbili kwa kopo lilelile la maziwa ya Guigoz. Usihukumu msimu wa kwanza. Subiri hata mitatu. Mwenye haraka atumie chokaa, ambayo hupunguza uchachu upesi zaidi, ingawa potasiamu haileti. Ukiuziwa unga ukiambiwa ni chokaa, dondoshea ndimu: chokaa ya mawe itatoa povu, makoro yatanyamaza.

Kwenye chai usiweke, inapenda uchachu. Na usichukue kamwe lutra, ule mchanga unaobaki baada ya mama twangaises kusaga mawe ya dhahabu. Unaonekana laini na tayari, tena pengine ni wa bure, lakini unaweza kuwa na zebaki, na sumu hiyo ikiingia shambani haitoki.

Hesabu ya usafiri ifanye mapema. Hektari moja kwa kipimo hiki inadai magunia 100 ya kilo 50, na jiwe linalipiwa kwa uzito kama mzigo mwingine wowote. Kwa hiyo anza na migomba iliyo karibu na nyumba, ambayo inakula potasiamu nyingi na haing'olewi kila msimu, kisha matuta ya mboga. Shamba la mbali la muhogo lingoje mpaka ile nusu ari ikuonyeshe kitu.