Kamera ndogo ya fulufremu: jipime hivi kabla hujatoa milioni 12

Swali huwa linakuja hivi: "Dada, ile Leica Q kweli ina thamani ya hela ile, au tunauziwa jina?" Anayeuliza mara nyingi ni kijana anayepiga harusi na sendofu hapa Dar. Ana kamera yake ya kawaida na lenzi ya zumu, na macho yake yameshatekwa na picha za mitaani zilizopigwa na kakamera kadogo keusi. Jibu langu: kwa wengi, hapana. Kwa wachache, ndiyo, tena sana. Uko kundi gani, unaweza kulijua bila kutoa hata shilingi.

Ninazozisema ni kamera zenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, ndiyo fulufremu yenyewe, na lenzi moja isiyong'oka na isiyo na zumu. Ziko chache. Sony ilitoa RX1 mwaka 2012 kwa dola 2,800 hivi, ikafuata RX1R II mwaka 2015 kwa dola 3,300, halafu kimya cha miaka kumi hadi RX1R III ilipotoka Julai 2025 kwa dola 5,100. Leica walianza na Q mwaka 2015 kwa dola 4,250, Q2 ikaja 2019 karibu na dola 5,000, Q3 ikaja 2023 karibu na 6,000, na Q3 43 ikafuata 2024 kwa karibu 6,900. Zeiss nao walijaribu na ZX1 ya dola 6,000, yenye Lightroom, programu ya kuhariri na kupanga picha, ndani yake. Waliitangaza 2018, ikauzwa 2020, na leo haitengenezwi tena. Hizo zote ni bei za Marekani za siku ya kuzinduliwa. Kwa shilingi, RX1R III inapita milioni 12 kabla hujalipa usafiri, forodha na VAT yetu ya asilimia 18.

Jua kwanza unalipia nini

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Wanadhani wanalipia ubora wa picha. Chukua kalamu tufanye hesabu.

RX1R III ina sensa ya megapikseli 61, yaani nukta milioni 61. Sony hao hao wanauza A7CR, yenye megapikseli 61 vilevile, ila hii unabadilisha lenzi. Ilizinduliwa 2023 kwa dola 3,000. Ifunge lenzi ndogo ya 40mm f/2.5 ya dola 600, umefika 3,600. Uzito: A7CR ni gramu 515 na lenzi ile gramu 173, jumla 688. RX1R III ni gramu 498. Kwa hiyo dola 1,500 za ziada zinakununulia upungufu wa gramu 190, lenzi inayofunguka kidogo zaidi (f/2 badala ya f/2.5; namba ndogo ndiyo uwazi mkubwa), na shata, yaani mlango wa mwanga, ya kimya ambayo nitaieleza chini. Na kuna vitu unavipoteza: A7CR ina kizuia mtikisiko ndani ya bodi, RX1R III haina. A7CR ina skrini inayogeuka, ile nyingine skrini yake imekaa palepale kama kioo cha kabatini. Mimi napiga sana watoto na wanawali waliokaa chini kwenye mkeka, kwa hiyo skrini isiyoinuka maana yake ni kulala kifudifudi nimevaa dera.

Usidanganyike pia na neno "mfukoni". Kutoka mgongoni mpaka mdomo wa lenzi, RX1R III ni karibu sentimita 9. Inaingia kwenye mkoba. Mfuko wa suruali sahau. Leica Q3 yenye betri ni gramu 743, mzito kuliko ule mchanganyiko wa A7CR na lenzi yake. Kamera ya mfukoni kweli ni Ricoh GR IIIx, gramu 262, lakini sensa yake ni APS-C, ndogo kuliko fulufremu.

Kitu cha kipekee kwenye hizi kamera ni lenzi. Kwa kuwa haing'oki, wahandisi wanaweza kuisogeza nyuma mpaka karibu kugusa sensa, na kila lenzi inapangwa na sensa yake kiwandani. Ndiyo maana 35mm f/2 ya RX1 ni fupi vile na bado pembe za picha ni kali. Ukipenda sana sura ya lenzi ile moja, hutaipata kwingine. Usipoipenda, umenunua ndoa isiyo na talaka.

Jipime kwa kamera uliyo nayo

Fungua Lightroom, nenda Library, bonyeza Metadata juu ya picha, kisha chagua safu ya Focal Length. Itakuonyesha umepiga picha ngapi kwa kila urefu wa lenzi. Usiangalie zote, chagua zile ulizozipa nyota, zile ulizompa mteja au kuzichapisha. Kama nyota zako zimejazana kwenye 70mm na 24mm, maana yake wewe ni mtu wa kuvuta na kusukuma, na lenzi moja ya 35mm itakukera kabla mwezi haujaisha. Kama zimelundikana kati ya 28 na 40, endelea kusoma.

Kama unatumia kamera ya APS-C na lenzi ya 18-55, namba zinabadilika. Kwenye Nikon, Sony au Fujifilm, 18mm inakupa mtazamo wa karibu 28 ya fulufremu, 23mm inakupa 35, na 27mm inakupa 40. Kwenye Canon, 35 yako iko karibu na 22mm.

Hatua ya pili ndiyo ngumu. Chukua utepe wa karatasi ule wa mafundi rangi, zungusha kwenye pete ya zumu ikae kwenye 23mm (au 35mm kama una fulufremu), na usiubandue kwa mwezi mzima. Piga kila kitu hivyo: soko la samaki Feri, ubatizo, mtoto wa jirani, chakula. Kazi ya kulipwa beba kamera ya pili, sitaki uje kunidai. Mwezi ukiisha jiulize mambo mawili. Je, ulibeba kamera mara nyingi zaidi au chache zaidi? Na ulipokosa picha, uliikosa kwa sababu hukuweza kuvuta, au kwa sababu kamera ilikuwa nyumbani? Aliyekosa kwa sababu kamera ilikuwa nyumbani ndiye kamera hizi zilitengenezwa kwa ajili yake. Wa kwanza anahitaji lenzi ya 85mm, na bei yake ni ndogo kuliko hii mara nyingi.

Pale zinapojilipa

Shata ya kamera hizi iko ndani ya lenzi, vijani vidogo vinavyofunguka na kufunga, siyo pazia linalopita mbele ya sensa. Sauti yake ni tk ndogo ambayo aliyekaa pembeni yako haisikii. Kwa sisi tunaopiga ndoa msikitini hili si jambo dogo. Wakati sheikh anamsomesha bwana harusi maneno ya kukubali, msikiti wote kimya, kamera ya kawaida inapasua kama mlango wa bati na vichwa vinageuka. Utaniambia kamera nyingi sasa zina shata ya kielektroniki isiyo na sauti kabisa. Kweli, ila chini ya taa za LED, na misikiti mingi ndizo inazotumia sasa, zinaweza kukutia mistari ya giza kwenye picha. Shata ya ndani ya lenzi haina mistari hiyo.

Ya pili ni flashi mchana wa jua. Mtu amefunga ndoa Bagamoyo, saa saba mchana, anataka picha ufukweni sasa hivi kwa sababu saa tisa kuna chakula. Kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga) jua lile linataka karibu f/4 kwa 1/1600 ya sekunde. Kamera ya pazia inaishia 1/200 au 1/250 kwenye flashi (A7CR inaishia 1/160), kwa hiyo unalazimika kufunga lenzi mpaka f/11 na kuhitaji flashi yenye nguvu mara nane. RX1 inakubali flashi hata kwenye 1/2000. Flashi ndogo ya mkononi inatosha kufuta vivuli vya macho, na bahari nyuma inabaki na rangi yake. Ukiwa unapiga harusi za ufukweni kila wikendi, hapo naona hela inarudi.

Ya tatu ni watu. Ukiwa na kamera kubwa mjini, mlinzi wa jengo anakuja na swali la kibali. Ukiwa na ndogo, mara nyingi anakuona mtalii au mtu na mambo yake. Sikwambii ukwepe sheria. Pale panapotakiwa kibali, kata kibali. Ninachosema ni kwamba watu hawakazi sura. Kwenye shughuli za wanawake watupu, mahali ambapo kamera yenyewe inaingia kwa ruhusa ya mama mwenye shughuli, udogo huo una uzito kuliko megapikseli zote.

Megapikseli na WhatsApp

Mteja wako anapokea picha wapi? Instagram inaionyesha kwa upana wa nukta 1080. WhatsApp inaibana. Albamu ya ukurasa wa sentimita 30 kwa 40, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inataka megapikseli 17 hivi. Kamera ya megapikseli 24 inaimudu bila kutoka jasho. Zile 61 zinakusaidia kwenye kukata: RX1R III inakuruhusu kukata ya 35mm ikawa kama 50mm na kubaki na megapikseli 29, au kama 70mm na kubaki na 15. Huo ni msaada wa kweli kwa kamera isiyo na zumu. Lakini faili moja la RAW (picha ghafi kabla ya kuhaririwa) lisilobanwa ni kama megabaiti 120, na kadi ya GB 64 inajaa kwenye picha 500. Weka bei ya diski ya kuhifadhia picha na kompyuta yenye nguvu kwenye hesabu yako. Na kwa kuwa RX1R III haina kizuia mtikisiko, usishuke chini ya 1/125 kwa watu, la sivyo nukta hizo zote zitakuonyesha kwa uwazi mkubwa kwamba mkono wako ulitetemeka.

Pwani ina adabu zake

Lenzi haing'oki, kwa hiyo vumbi likiingia kwenye sensa huwezi kupuliza wala kufuta mwenyewe. Kamera nzima inakwenda kwa fundi, na fundi mwenye vifaa vya mashine hizi mara nyingi yuko nje ya nchi. Leica Q2 na Q3 zina kinga ya IP52, yaani zinavumilia vumbi na matone ya mvua yanayodondoka kutoka juu. Si kuzamishwa wala wimbi. RX1R III usiitegemee kwenye rasharasha. Na unyevu wetu wa Tanga hadi Mtwara unaotesha kuvu kwenye vioo haujali bei: nunua boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, tupia pakiti za silika, lala nalo chumba chenye hewa.

Ukitaka ladha bila bei

Fujifilm X100VI ilitoka 2024 kwa dola 1,600: megapikseli 40, lenzi ya mtazamo wa 35, shata ya kimya ndani ya lenzi, na kizuia mtikisiko juu yake. Sensa ni APS-C, ndogo mara mbili na kidogo kwa eneo, hivyo usiku ukumbini utaona chengachenga mapema kidogo. Kwa anayeanza na kamera za aina hii, hii ndiyo ningemshikisha. Ukitaka fulufremu kwa bei ya chini, tafuta Canon RP iliyotumika (gramu 485) na lenzi bapa ya RF 28mm f/2.8 ya gramu 120. Haina heshima mezani, ila picha zake wateja wangu hawazilalamikii.

Kama bado umeshikilia, nunua iliyotumika

Leica Q ya 2015 na Q2 bado ni kamera nzuri. RX1R II pia, ila betri yake inakatika picha 220 tu, basi dai na betri za akiba. (RX1R III inatumia NP-FW50, betri ileile ya A6000 na A7 za zamani, rahisi kupatikana.)

Ukikutana na muuzaji, fanya haya. Weka f/16, piga ukuta mweupe au anga, kisha kuza picha: madoa meusi yanayokaa palepale kila picha ni vumbi la ndani. Fungua lenzi yote, mulika tochi ya simu kwa ubavu, tafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hizo ni kuvu, rudisha. Zungusha pete ya makro (ya kupiga vitu vya karibu sana): kwenye Leica Q kipimo cha umbali kinatakiwa kuteleza na kingine kutokea chini yake, bila kukwama. Piga ukuta wa matofali kwa f iliyo wazi kabisa ukiwa umenyooka nao, halafu linganisha pembe zote nne; pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, kamera hiyo imeanguka. Linganisha namba ya bodi na ya kwenye boksi na risiti. Nenda na kadi yako na kompyuta mpakato, angalia hizo picha kwa asilimia 100 mkiwa bado mmekaa meza moja, na hela ikae kwenye simu yako mpaka umalize.