Kufuatilia historia ya jeni ya dazl kwa vyura, ukiwa na laptopu tu

Anza na jeni moja. Ukizoa nanos1, ddx4 na dnd1, jeni nyingine za seli za uzazi, kwa mpigo, utachanganyikiwa kabla bando halijaisha. Mimi huwapa wanafunzi wangu dazl. Katika yai la chura wa Xenopus, RNA yake hukusanyika upande wa chini, kwenye ute unaoamua seli zipi baadaye zitazaa mayai au mbegu za kiume. Tena ni jeni ya kale: mwaka 1998 watafiti waliitia kwa nzi wa matunda aliyekosa boule, jeni ndugu yake, ikaziba sehemu ya pengo hilo.

Ingia Xenbase, hazina ya mtandaoni ya data za Xenopus, tafuta dazl, upakue protini pamoja na DNA inayoiandika. Hapo hapo lipe faili jina kamili, mfano laevis_dazl_L. Sisemi hivi kwa upenzi wa unadhifu. Xenopus laevis ana kromosomu 36, X. tropicalis 20 tu. Laevis alitokana na spishi mbili zilizochanganyika miaka milioni 17 au 18 iliyopita, nazo zilikuwa zimeachana tangu kama miaka milioni 34 iliyopita. Ndiyo maana jeni zake nyingi zina nakala mbili, L na S, moja kutoka kila spishi. X. borealis wa Kenya naye karithi mchanganyiko uleule. Ukipambanisha L ya laevis na S ya borealis, utadhani vyura hawa waliachana zamani mno, kumbe unapima umri wa mababu zao.

Kisha panga protini sambamba kwa MAFFT, programu ya kulinganisha mifuatano, DNA ifuate mpango huo. Tazama kwa macho yako: kipande kinachoshika RNA kinalingana karibu herufi kwa herufi, hata ukimweka binadamu; mkiani mwa protini mapengo yanaanza. Usiyafute ovyo.

Chora mti wa ukoo kwa programu ya IQ-TREE, uupe mzizi wa axolotl, salamanda wa Mexico. Dazl anayo, ila RNA yake haijikusanyi hivyo yaini. Seli zake za uzazi hutokea baadaye, kwa ishara za seli jirani. Jeni ile ile, matumizi mengine, na mti wenyewe hautakuonyesha hilo.

Mwisho, tumia codeml, programu ya kupima mageuzi ya jeni: linganisha mabadiliko yanayogeuza asidi amino na yale ya kimya. Uwiano chini ya 1 una maana mabadiliko mengi yanachujwa. Kipime kipande kinachoshika RNA peke yake, na mkia peke yake. Ukivijumlisha, wastani utakufichia ya mkiani.