Somo: Kupaka gundi ya mbao haraka kazi ikiwa nyingi

Meza moja hata ukipaka gundi kwa kidole utaimaliza. Zikiwa paneli arobaini (kila moja ni mbao kadhaa zilizoungwa ubavu kwa ubavu), unashindana na dakika: gundi nyeupe ya kawaida (PVA) huanza kushika ngozi juu ndani ya dakika 5 hadi 10, na kwenye joto au upepo mapema zaidi. Niliwahi kupaka paneli kumi na mbili kwa mkupuo nikijiona mjanja. Nilipofika ya nane, gundi ilishakauka juu. Kesho yake nilizibandua kwa mkono.

Hatua ya 1. Piga randa siku hiyohiyo, pangusa vumbi, kisha bana paneli bila gundi. Ukiona mwanga kwenye maungio, rudi kwenye randa.

Hatua ya 2. Muda unaokolewa hapa. Simamisha mbao kwa kingo, zigongegonge mezani zilingane, zibane ziwe kama uso mmoja. Mimina gundi kwa mwendo wa nyoka, pitisha rola ndogo mara mbili. Paneli ya mbao tano ina maungio manne, kwa hiyo ubao wa tano usiingie kwenye mbao hizi za kupakwa. Upande mmoja wa ungio unatosha, mradi kidole kikipita kiache kifereji. Kipimo ni gramu 150 hadi 200 kwa mita mraba. Ungio la mita 1 kwenye ubao wa milimita 25 halili zaidi ya gramu 5. Pima kwenye mizani mara moja tu, jicho litazoea.

Hatua ya 3. Zifungue, ziunge paneli kwa paneli, kisha bana kuanzia katikati kwenda pembeni. Shanga ndogondogo za gundi zikitokeza mstari mzima, umepatia. Zikitiririka, unamwaga gundi bure. Zisubiri dakika 20 hadi 30, zikiwa kama mpira uzikwangue. Kitambaa kibichi huisukuma gundi kwenye vinyweleo vya mbao, na doa utaliona siku ya vanishi.

Klempu (vibanio) zifunguliwe baada ya saa 1, ila paneli isibebeshwe kazi nzito kabla ya saa 24. Rola iviringishe kwenye mfuko wa nailoni kila unapopumzika.

MASWALI

Mkuu, fungu moja la kupaka kwa mkupuo liwe na paneli ngapi?
Usihesabu klempu, tazama saa. Anza kuhesabu tone la kwanza likimwagika. Paneli ulizowahi kuzibana ndani ya dakika 5 ndizo fungu lako.

Fundi, vichwa vya mbao (ncha zilizokatwa) vinainywa gundi yote.
Paka nyepesi, iache inywe dakika chache, paka tena ndipo uunge. Kichwa kwa kichwa hakitadumu hata hivyo, tia vigingi.

Asubuhi gundi yangu inakauka nyeupe kama chaki. Imeharibika?
Hapana, ni baridi. Gundi nyingi za aina hii zinataka nyuzi 10 za Selsiasi kwenda juu, na ubao wenyewe uwe umepata joto, siyo chumba tu. Mbao zilizolala nje ziingize mapema. Hizo za chaki zikwangue uunge upya.