Kabla hujapandisha toleo la hifadhidata, angalia haya

Chukua bekapu, uirejeshe kwenye seva nyingine uone kama inafanya kazi. Pima nafasi ya diski. Haya unayajua, yafanye.

Usijidanganye kwamba ukingoja miezi michache kasoro zote zitakuwa zimeshaonekana. Wenzako nao wanangoja. Toleo jipya linakaa kwenye seva za majaribio zenye data kiduchu, na kasoro ya kuharibu data haijitokezi mpaka mifumo mizito ihamie. PostgreSQL 14, toleo la programu ya hifadhidata, ilitoka Septemba 2021. Ilikuwa na kasoro ya kuacha baadhi ya rekodi nje ya indeksi (orodha inayosaidia kupata rekodi haraka), pale indeksi inapojengwa bila kusimamisha uandishi. Marekebisho yalikuja na 14.4, Juni 2022.

Hapo ndipo nilipoumia. Tulichelewa kuweka 14.4, na tulipoiweka nikalala usingizi. Sikuyasoma maelezo ya toleo mpaka mwisho, nayo yanasema wazi: indeksi zilizojengwa kwa njia ile zijengwe upya. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya, hayaponyi ule wa zamani. Baadaye mteja akalalamika rekodi yake haionekani. Tukaitafuta kwa namba, hakuna. Tukamsajili upya, mfumo ukakubali. Niliposoma jedwali zima bila kupitia indeksi, nikamkuta yupo mara mbili, kwa namba isiyotakiwa kujirudia kabisa! Nikakimbilia bekapu. Tulikuwa tunatunza za siku 30 tu, zilizonakiliwa faili kwa faili, na indeksi mbovu zimo ndani ya kila moja. Ilibidi tuwapigie wateja mmoja mmoja kuuliza taarifa ipi ndiyo sahihi.

Kwa hiyo soma maelezo ya kila toleo unaloliruka, siyo la mwisho tu. Endesha pg_amcheck, zana ya PostgreSQL ya kukagua uharibifu, kwa chaguo la heapallindexed, maana bila hilo haikagui kama kila rekodi imo kwenye indeksi. Tunza angalau bekapu moja ya zamani zaidi ya unavyodhani inatosha.

Mfumo endeshi nao uuangalie: glibc 2.28 (maktaba ya msingi ya Linux) ya mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa herufi, na indeksi za maandishi zikaharibika kwa watu ambao hifadhidata yenyewe hawakuigusa.

Ukiona jibu lisiloeleweka, usikimbilie kurekebisha. Nakili faili zilizoharibika kwanza, kisha ripoti kwa watengenezaji siku hiyo hiyo ukitaja toleo ulilonalo na yote uliyopitia. Ripoti ikichelewa, hakuna atakayejua ni toleo lipi lililoandika uharibifu huo.